Karo ya praiveti na mshahara wa mwalimu

Kila Desemba wazazi huniletea fomu za shule na kuniuliza ipi ni nzuri, ya binafsi au ya serikali. Mimi si mwalimu. Ni mhasibu, kazi yangu kutayarisha vitabu vya hesabu vya shule za binafsi hapa Mombasa, kuanzia zile za ghorofa moja kule Mishomoroni hadi zenye bwawa la kuogelea Nyali. Kwa hivyo sitawaambia nani anasomesha vizuri. Naweza kuwaambia pesa zenu huenda wapi zikishapokewa na keshia, na jibu langu limo humo: karo ya praiveti ina maana pale inapokuwa ya kutosha kumfanya mwalimu asihame.

Tuchukue mfano. Darasa lina watoto 25, kila mmoja analipa Sh15,000 kwa muhula. Kwa mihula mitatu ni Sh1,125,000. Ukigawa kwa miezi 12 unapata Sh93,750 kwa mwezi. Wazazi watano wasipolipa mpaka mwaka ukaisha, na watu hao hawakosekani, zinabaki Sh75,000. Humo atoke mwalimu wa darasa, fungu la mwalimu mkuu, karani, mpishi, bawabu, kodi ya jengo, stima, vitabu, michango ya NSSF (akiba ya uzeeni) na ile asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba anayotozwa mwajiri. Na hapa kwetu usisahau maji. Mfereji ukikauka wiki mbili, shule haina budi kuita boza, lile lori la maji, na mwenye boza hakopeshi. Mwalimu atabakiziwa nini?

Ndiyo maana shule ikiahidi karo ndogo na darasa dogo kwa pamoja, mimi humwambia mzazi atazame tena. Ama atakuta watoto 45 chumbani, ama mwalimu analipwa kidogo, pengine likizo ya Desemba halipwi kabisa. Mwalimu huyo sheria inamtaka awe amesajiliwa na TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, sawa na mwenzake wa huko, kwa hivyo siku TSC ikitangaza nafasi, naye hutuma maombi. Akiitwa huondoka hata katikati ya muhula, na simlaumu. Kule kuna mshahara wa uhakika na pensheni. Nimewahi kushika daftari la mishahara ambalo majina yote ya walimu wa gredi za chini yalikuwa yamebadilika kati ya Januari na Septemba. Karo haikubadilika.

Kuhusu serikali, watu hutaja zile Sh1,420 anazotengewa mtoto wa msingi kwa mwaka, wakacheka. Lakini mshahara wa mwalimu haumo humo. TSC inaulipa mbali, kwa kodi yako wewe. Taabu ya shule ya serikali ni msongamano. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003 watoto walimiminika, na katika umati ule mtoto asiyejua kusoma anaweza kupita gredi baada ya gredi bila mtu kumgundua. Basi mwenye pesa chache azitie kuanzia PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, hadi gredi ya tatu. Wengi hufanya kinyume: huanzia serikalini, halafu gredi ya sita au ya saba humhamisha mtoto kwa hofu ya mtihani.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi zama za KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, akademi zikishindana kubandika alama za mia nne kwenye mabango. Mtihani ule ulifanywa mara ya mwisho 2023. Siku hizi nafasi ya gredi ya kumi hutokana na KJSEA, mtihani wa gredi ya tisa, asilimia 60, KPSEA ya gredi ya sita asilimia 20, na tathmini za shuleni asilimia 20. Tena huyo mtoto aliyelipiwa miaka yote anataka kwenda wapi? Shimo la Tewa, Mama Ngina, Allidina Visram. Zote sekondari za serikali! Kwa gredi ya saba hadi ya tisa, popote pale, mimi ningeomba kuonyeshwa maabara kwanza.

Familia za Kiislamu zina hesabu nyingine. Mtoto wa shule ya serikali huenda chuoni, yaani madrasa, jioni au Jumamosi, malipo mbali na nauli mbali. Shule za mseto huchanganya dini na mtaala wa serikali kwenye ratiba moja, kwa hivyo karo yao ilinganishwe na jumla ya hayo yote, usiilinganishe na bure. Naona hapo ndipo praiveti inapomfaa mzazi zaidi, mradi kuwe na maustadhi wa kweli na vipindi vya kila siku.

Halafu kuna mwezi wa Mei. Masika yakiingia, hoteli za pwani hupunguza vibarua, na wakati huohuo muhula wa pili umeshafunguliwa. Mzazi aliyepanga karo kwa mshahara na bakshishi za Desemba hukwama hapo. Mtoto hurudishwa nyumbani kwa karo, akae wiki, arudi, arudishwe tena. Mzazi huyo analipia muhula mzima ambao mtoto wake amesoma nusu. Humshauri ampeleke serikalini, na sehemu ya ile karo anunue vitabu vya hadithi na kumlipa mtu wa kukaa na mtoto jioni asome kwa sauti. Ukipiga hesabu, ipige kwa kipato cha Mei, na uwatie wadogo wote wa mtoto huyo wanaomfuata.

Ukiamua kulipa, uliza mwalimu wa darasa hilo ana miaka mingapi pale. Akiwapo, muulize mwenyewe. Kisha, kabla ya kutia sahihi, soma sehemu ya kuhama. Shule nyingi hutaka notisi ya muhula mzima kwa maandishi, la sivyo hudai karo ya muhula huo hata kama mtoto ameshaondoka. Barua ya kuhama ipeleke ofisini mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri, uiweke pamoja na risiti.