Mtoto kusomea nyumbani: yanayosemwa na yalivyo

Wazazi wengi wanaonifuata wameletwa na foleni. Mtoto wa darasa la pili anaamshwa saa kumi alfajiri, basi la shule linampitia saa kumi na moja, jioni anarudi kalala kitini, na homuweki bado inamsubiri. Mzazi akiweka na ada juu ya hayo, anajiuliza: kwa nini nisimfundishe mwenyewe nyumbani, hapa hapa Goba, Dar es Salaam? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kwa taaluma, na kazi yangu siku hizi ni kuwaongoza wazazi wanaofundisha nyumbani. Swali lao nalielewa kabisa. Shida ni kwamba wengi huja wakiwa wameshajibiwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na majibu mengi hayako sawa.

Lililo zito kuliko yote ni hili: "Mtoto ni wangu, serikali haihusiki." Inahusika. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi, na mzazi ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Sheria hiyo ilizaliwa katika kipindi cha Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipojipa lengo la elimu ya msingi kwa wote. Ilimlenga mtoto aliyenyimwa shule, wala haikumfikiria mama mwenye rafu ya vitabu sebuleni, lakini haikumwekea huyo mama mlango wake pia. Watu hunitajia Afrika Kusini, ambako Sheria ya Shule ya 1996 inamruhusu mzazi kusajili elimu ya nyumbani, au Marekani, ambako inaruhusiwa katika majimbo yote. Hayo ni ya huko. Ujerumani nako karibu wanaikataza kabisa, na hakuna anayenitajia Ujerumani.

Kwa hiyo kwa mtoto wa umri wa msingi ushauri wangu ni mmoja: abaki kwenye rejista ya shule iliyosajiliwa. Kama ugonjwa au ulemavu unamzuia kwenda, zungumza mapema na mwalimu mkuu na afisa elimu kata, na mazungumzo yawe kwenye maandishi. Wapo wanaokasirika nikisema hivi. Lakini mtihani wa kumaliza elimu ya msingi husajiliwa kupitia shule, na mtoto asiye na shule hujikuta hana namba ya mtihani wakati wenzake wanajiandaa.

Kwa upande wa pili wapo wanaoamini kwamba aliyesomea nyumbani hatapata cheti maishani. Hilo nalo si kweli, hasa kuanzia sekondari. Baraza la Mitihani, NECTA, lina njia ya watahiniwa wa kujitegemea: ambaye hakupita kidato cha pili shuleni hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, akifaulu anajisajili kwa mtihani wa kidato cha nne. Wengine hufuata mtaala wa Cambridge wa Uingereza na kufanya mitihani yake ya IGCSE, inayolingana na ya kidato cha nne, kama watahiniwa binafsi, kisha NECTA huwafanyia ulinganifu wa matokeo. Ninachokataa ni kuchanganya: leo kitabu cha Cambridge, kesho cha Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) inayoandaa mtaala wa taifa, kisa ndugu katuma PDF nzuri. Amua mapema mtoto atakaa mtihani upi, ndipo ununue vitabu.

Anayefuata mtaala wa taifa, afuate ulio hai. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awamu, na elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba. Waliokuwa darasa la tatu mwaka ule watamaliza la sita 2027, mwaka huo huo ambao wenzao wa darasa la nne watamaliza la saba. Bado nakuta nyumba zinazotumia vitabu vya kaka mkubwa wakati Taasisi ya Elimu imeweka vipya bure kwenye Maktaba Mtandao yake.

Kuhusu saa za kusoma sitasema mengi. Kiwango rasmi shuleni ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na shule nyingi za serikali hapa mjini zimezidi hapo. Mtoto mmoja na mtu mzima mmoja hawahitaji ratiba ya kutwa nzima. Kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, saa mbili au tatu zilizotulia zinatosha. Wala mzazi si lazima ajue kila somo. Hesabu zikikuzidi, tafuta mwalimu wa tuisheni. Mazoezi ya maabara ya kemia yanahitaji maabara yenyewe, hayafanyiki jikoni.

Hofu nyingine ninayoisikia: "Hatajua kuishi na watu." Dar? Mtoto ana madrasa au shule ya Jumapili, ana binamu, ana mpira wa mtaani, anatumwa dukani. Marafiki hawanitii wasiwasi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mtoto anayefundishwa na mama peke yake hana mtu mzima mwingine wa kugundua kwamba haoni vizuri ubaoni, kwamba anakariri ukurasa badala ya kuusoma, au kwamba nyumbani kuna jambo linalomuumiza. Shuleni walimu hubadilishana macho hayo bila hata kupanga. Nyumbani lazima yapangwe. Kila muhula mpeleke kwa mwalimu asiye ndugu yako, ampe kitabu ambacho hajawahi kukishika, amsikilize akisoma kwa sauti, ampe na hesabu. Wewe usiwepo chumbani.