Mtoto hana makaratasi, chuo je?

Mwaka wangu wa kwanza kama mshauri wa wanafunzi kwenye hai skuli moja huku California nilifanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Darasa zima linajaza FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya kuomba hela za chuo, nikapita kwa binti mmoja nikamwambia kwa sauti, "We mbona umekwama, weka namba ya sosho," yaani ile namba ya Social Security ambayo mtu asiye na makaratasi ya uhamiaji kwa kawaida hana. Akafunga leptopu polepole, akaomba kwenda chooni. Hakurudi. Tangu siku hiyo siulizi nani ana makaratasi nani hana, naeleza fomu zote mbili mbele ya wote, kila mtu anaijua yake.

Hiyo ya pili ndo California Dream Act Application, fomu ya jimbo ya kuomba hela za chuo, haidai sosho na inaenda kwa tume ya jimbo, siyo Washington. FAFSA kwa asiye na makaratasi haimpi hata senti, asiiguse.

Sasa kuna walimu bado wanamwambia mtoto bila makaratasi hamna chuo, jamani! Hakuna sheria ya serikali kuu inayokataza chuo kumpokea. Kesi ya Plyler v. Doe ya 1982 iliwafungulia watoto hawa shule za msingi na sekondari, habari ya chuo haikuigusa, ndo maana jibu linabadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Hapa California tuna sheria ya jimbo inaitwa AB 540 tangu 2001, umesoma hai skuli miaka 3 na ukamaliza, unalipa ada ya mwenyeji wa jimbo, na kwenye vyuo vya UC (University of California) tofauti ya mwenyeji na mgeni inazidi dola 30,000 kwa mwaka. Texas nao walikuwa na sheria yao kama hiyo tangu mwaka huohuo, Juni 2025 serikali kuu ikawapeleka mahakamani, jimbo likakubali siku ileile, kwisha.

DACA, ule mpango wa serikali kuu wa kuwakinga na kufukuzwa nchini walioletwa wakiwa watoto, msinitajie. Lazima uwe uliingia kabla ya 15 Juni 2007, na hawa wanaomaliza sasa wengi walikuwa hata hawajazaliwa.

Watu wakisikia habari hizi wanadhani ni za Wamexico tu, kumbe na Waswahili tumo, mtu kaja na viza ya kutembea ikaisha, watoto wakakulia hapa. Na hapa pana kituko: mwenye viza ya kutembea ambayo bado hai AB 540 haimhusu, ila ikishaisha inamhusu! Sheria hizi bwana.

Juzi mama mmoja wa kutoka Mombasa kaniuliza, "Mwalimu, tukijaza hii, hawatatufuata nyumbani?" Hapo ndo pagumu. Ningetaka kumwambia usiwe na wasiwasi mama, ila siwezi kumuahidi kitu ambacho sina mamlaka nacho. Nikamwambia data inakaa kwa jimbo na tume inasema itailinda kadri sheria inavyoruhusu, mahakama ikiamuru ni habari nyingine, akitaka uhakika zaidi aongee na wakili wa uhamiaji, siyo mimi wala yule shemeji wa WhatsApp. Akasema ngoja nimuulize baba yake.

Jumatatu mtoto kaja na ile karatasi ya kiapo ya AB 540, kasaini, ila penye anuani kaacha wazi. Tukakaa wakati wa lanchi tukaimalizia.