Kujifunza kupiga mbizi ukiwa likizoni: maswali na majibu ya afya

Watu wengi huvaa mtungi wa hewa mgongoni kwa mara ya kwanza wakiwa likizoni, kwenye bahari ya joto na maji maangavu. Ni mchezo mzuri, lakini akili ikiwa imepumzika, mwili hufanya kazi ngeni kabisa. Maswali haya ni ya kujiuliza kabla hujapanda boti.

Sijui kuogelea vizuri. Naweza kujifunza?

Jifunze kuogelea kwanza. Kozi ya cheti cha mwanzo kwa kawaida humtaka mwanafunzi aogelee mita 200 na kuelea dakika 10 bila kushika kitu. Hakuna haja ya mbio. Kinachotazamwa ni utulivu wako majini.

Fomu ya afya inauliza mambo mengi. Nikijibu “ndiyo”, si watanikatalia?

“Ndiyo” maana yake ni kwamba daktari akuone kwanza. Hapa ndipo likizo inapowaponza watu: umeshalipa, wenzako wanakusubiri, na mkono unajikuta umeweka alama kwenye “hapana”. Omba fomu hiyo wiki kadhaa kabla ya safari, uijaze nyumbani bila haraka. Pumu inaweza kunasa hewa mapafuni wakati wa kupanda kuelekea juu ya maji. Degedege likikupata chini ya maji, unaweza kuzama ukafa. Maradhi ya moyo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazamiaji, hasa walio na umri mkubwa. Mjamzito asubiri hadi ajifungue.

Mbona masikio huuma hata kabla sijashuka sana?

Ukifika mita 10, shinikizo huwa maradufu ya lile la juu ya maji. Hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio husinyaa, na ngoma huvutwa kwa ndani. Mabadiliko makubwa zaidi hutokea katika mita hizo za mwanzo, ndiyo maana anayejifunza huhangaika pale pale karibu na uso wa maji.

Bana pua, kisha sukuma pumzi taratibu kuelekea puani mpaka usikie masikio yakizibuka. Anza kabla ya maumivu, na urudie kila unaposhuka mita moja hivi. Ikishindikana, panda kidogo ujaribu tena. Mwalimu mzuri atakusubiri. Usipulize kwa nguvu, kwa kuwa unaweza kujeruhi sikio la ndani na kupoteza usikivu moja kwa moja.

Ukiwa na mafua, usizame. Dawa za kuzibua pua zinaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikanaswa wakati wa kupanda. Vizibo vya masikio navyo havifai. Inauma kukosa siku uliyoingojea mwaka mzima, nakubali, lakini ngoma ikipasuka itakuweka nje ya maji kwa wiki kadhaa.

Mapafu je?

Endelea kupumua, wakati wote. Pumzi uliyoivuta kwenye mita 10 ukaibana, ukifika juu inataka nafasi mara mbili. Mapafu yaliyojaa yanaweza kupasuka hata kwa kupanda mita moja au mbili, kwa hiyo kanuni hii inakuhusu hata bwawani.

Ndege yangu ni kesho asubuhi. Nizame mara ya mwisho leo alasiri?

Hapana. Ukiwa chini, naitrojeni ya hewa unayovuta huyeyuka katika damu na nyama za mwili. Hutoka polepole, ndiyo sababu tunapanda taratibu, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na kutulia dakika 3 kwenye mita 5. Hata hivyo nyingine hubaki. Ndani ya ndege shinikizo la hewa ni dogo kuliko la ufukweni, na gesi hiyo inaweza kugeuka mapovu mwilini; huo ndio ugonjwa wa mapovu. Ushauri uliozoeleka ni kungoja angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 ukiwa umezama mara kadhaa, kama wafanyavyo wanafunzi wa kozi. Mimi ningeacha siku nzima. Kupanda mlima mrefu nako kungoje. Basi weka kozi mwanzoni mwa likizo.

Na pombe?

Usinywe kabla ya kuzama, wala usiku wa kuamkia mbizi. Hukausha mwili na kupunguza umakini, na uchovu wake huficha dalili za ugonjwa wa mapovu.

Nimeshapanda juu salama, lakini jioni mkono una ganzi. Nilale kwanza?

Usilale. Ganzi, maumivu ya viungo, kizunguzungu, udhaifu, vipele au uchovu usio wa kawaida ndani ya saa 24 ni dharura. Mwambie mwalimu, upewe oksijeni safi ya kuvuta, uende hospitali. Huenda ukahitaji chumba cha shinikizo, yaani chumba cha tiba ambamo shinikizo la hewa huongezwa. Usirudi majini ukidhani kushuka tena kutakuponya. Andika kwenye karatasi ulizama mara ngapi, kina gani, na saa uliyotoka majini mara ya mwisho, kisha umkabidhi daktari.