Sukari, mstafeli na saratani ya mapafu: maswali na majibu

Mtu wa Lamu akiambiwa ana saratani ya mapafu, ushauri humfikia hata kabla hajapanda boti ya Mokowe kwenda kutibiwa Mombasa: acha tende, acha halua, chemsha majani ya mstafeli. Wanaoutoa hawajui, lakini mambo yote hayo yanagusa mahali pamoja ndani ya seli, yaani mitokondria na vimeng'enya vyake.

Mitokondria ni nini?

Ni vijisehemu vidogo sana ndani ya seli ambamo chakula kilichokwisha kuvunjwavunjwa huunguzwa kwa oksijeni ili mwili upate nguvu. Vimeng'enya ni protini zinazoiendesha kazi hiyo, kila kimoja na hatua yake. Chembe moja ya glukosi, yaani sukari ya mwilini, ikiishia nje ya mitokondria, seli huambulia vipimo 2 vya nguvu, yaani ATP. Ikipitishwa mitokondria hadi mwisho, hupata takriban 30.

Nimesikia seli za saratani haziwahitaji hao mitokondria. Kweli?

Hayo yametokana na Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani. Katika miaka ya 1920 aliona kwamba seli za uvimbe hula glukosi kwa pupa na kuitoa kama laktati, yaani mabaki ya glukosi isiyounguzwa hadi mwisho, hata oksijeni ikiwapo tele. Baadaye akashikilia kwamba mitokondria ya seli hizo yameharibika na kwamba uharibifu huo ndio asili ya saratani. Alichokiona kilikuwa sahihi. Maelezo yake ndiyo yaliyopinda. Katika saratani nyingi mitokondria ni mazima na yanafanya kazi.

Kwa nini basi seli iache ATP 30 ichukue 2? Kwa sababu seli inayogawanyika haitaki nguvu tu, inataka pia vifaa vya ujenzi: mafuta ya utando, protini, DNA mpya. Fundi wa majahazi pale Matondoni hawezi kuzitia mekoni mbao anazoundia chombo. Seli ya saratani nayo huibakiza sehemu ya glukosi ili ijijengee.

Kwenye mapafu hasa, imeonekanaje?

Kazi ninayoipenda ni ya watafiti wa Dallas, Marekani, iliyochapishwa mwaka 2016 na 2017, kwa kuwa waliwatazama wagonjwa wenyewe, si seli zilizokuzwa maabara. Mgonjwa anayefanyiwa upasuaji wa pafu alitundikiwa dripu ya glukosi yenye kaboni 13, kaboni nzito kidogo isiyotoa mionzi. Uvimbe ukishatolewa, kipande chake kinapimwa: ile kaboni imefika wapi, imegeuka nini?

Ilikutwa mitokondriani, tena kwa wingi kuliko katika sehemu nzima ya pafu lilelile. Kimeng'enya kiitwacho pairuveti dehidrojenesi kilikuwa kikiipeleka glukosi kuunguzwa. Kingine, pairuveti kaboksilesi, kilikuwa kikiitumia kujaza upya malighafi zilizochotwa kwa ujenzi. Halafu ikaonekana kwamba hata laktati, ile iliyodhaniwa kuwa taka, uvimbe wa mapafu huivuta kutoka kwenye damu na kuitumia kama chakula. Uvimbe wenye damu kidogo haukula sawa na ule wenye damu nyingi, hata ndani ya mgonjwa mmoja.

Basi si mgonjwa aache sukari kabisa?

Hapana, na hapa ndipo ninapowaonea huruma wagonjwa. Ni kweli kwamba kipimo cha picha kiitwacho PET, ambacho kutoka huku watu hukifuata Nairobi, hutumia glukosi iliyotiwa florini ya mionzi, na uvimbe unaonekana uking'aa kwa sababu unaila sana. Lakini ukiacha wanga wote, ini hutengeneza glukosi yake, na protini huitoa kwenye misuli yako. Uvimbe nao una laktati, una mafuta, una glutamini, kijenzi kimojawapo cha protini, ambayo kimeng'enya cha glutaminesi huigeuza iweze kutumika mitokondriani. Anayekonda ni mgonjwa. Mpeni uji, samaki, mayai, wali kidogo wa nazi akiutamani. Mwenye kisukari afuate masharti ya kisukari chake.

Mama yangu anakunywa majani ya mstafeli. Yana ubaya gani?

Hili si la kucheka. Mstafeli una kemikali ziitwazo asetojenini, na kwenye vyombo vya maabara huua kweli seli za saratani. Huziua kwa kubana kompleksi ya kwanza, kimeng'enya kikubwa kinachoanzisha hatua ya mwisho ya kutoa nguvu ndani ya mitokondria. Taabu ni kwamba kimeng'enya hichohicho kimo katika moyo wa mama yako na katika ubongo wake. Kisiwani Guadeloupe, mwaka 1999, madaktari waliripoti watu waliokuwa na ugonjwa unaofanana na wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, usiosikia dawa za kawaida, ambao walizoea matunda na chai ya mimea ya jamii hii. Haijathibitishwa kwamba ndiyo iliyowadhuru, lakini ukijua majani yanabana nini, unaacha kushangaa.

Tena viwanda vya dawa vimejaribu njia hiyohiyo. Dawa moja ya kubana kompleksi ya kwanza ilipewa wagonjwa wa saratani. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha laktati ikipanda na mishipa ya fahamu ikidhurika, na majaribio yakasimamishwa. Simkatazi mtu stafeli la msimu. Nasema birika la majani kila asubuhi, miezi na miezi, huku daktari hajui.

Na mbegu za aprikoti za "vitamini B17"?

Si vitamini. Hutoa sianidi, sumu ileile ya muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, na sianidi huzima kimeng'enya cha mwisho cha mitokondria katika mwili mzima. Inaua.

Metformini, dawa ya kisukari, je?

Nayo hugusa kompleksi ya kwanza, kwa upole. Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2021 yaliiongeza kwenye mionzi na kemo kwa wagonjwa wa mapafu wasio na kisukari. Haikuongeza maisha, na katika jaribio moja walioipata walifanya vibaya zaidi. Anayeitumia kwa kisukari asiiache.

Hakuna basi dawa ya vimeng'enya hivi?

Ipo pale kimeng'enya cha saratani kinapotofautiana na cha seli nzima. Katika baadhi ya saratani za damu, kimeng'enya cha mitokondria kiitwacho IDH2 hubadilika umbo, na tangu mwaka 2017 kuna kidonge kinachokilenga. Kwenye mapafu badiliko hilo ni nadra, na dawa ya kuzuia glutaminesi ilijaribiwa bila kuonyesha faida. Kwa sasa wagonjwa wa mapafu wanasaidiwa na upasuaji, mionzi, kemo, dawa za kuamsha kinga ya mwili, na vidonge vinavyolenga mabadiliko ya jeni za uvimbe, kama jeni iitwayo EGFR. Ndiyo maana kinyama kikikatwa, ulizeni kama kitapimwa EGFR.

Baba anakohoa, ameanzishiwa dawa za TB. Nitajuaje si saratani?

Uliza kama vijidudu vya TB vilionekana kwenye makohozi. Kama havikuonekana, na miezi miwili ya dawa imepita bila nafuu, au anakohoa damu, au anazidi kukonda, ombeni CT ya kifua, hasa akiwa mvutaji sigara. Nendeni na filamu ya eksirei ya kwanza, ili daktari ailinganishe na picha mpya.