Je, wajua? Kwa nini jarida lililolipiwa na chuo hugoma kufunguka ukiwa hosteli

Kwa muda mrefu niliamini kwamba makala ikigoma kufunguka, maktaba haijalipa. Usiku nikiwa hosteli na bando langu la simu, nilikuwa naipata makala kupitia Google Scholar, nasoma ikisiri, yaani muhtasari wake, kisha mchapishaji ananidai dola zaidi ya 30 kwa kurasa chache. Asubuhi moja nikaenda kulalamika maktabani, kwa sauti ya mtu aliyelipa ada. Mkutubi hakubishana. Alifungua kiungo kilekile kwenye kompyuta yake, makala yote ikajitokeza, hadi majedwali.

Jarida lilikuwa limelipiwa kitambo. Wala sikuwa nimekosea nywila, maana hakuna aliyeniuliza nywila. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mchapishaji hakuwa amenikataa mimi. Hakunijua, na mfumo wake haukuhitaji kunijua.

Chuo kinapolipia jarida, mara nyingi kupitia umoja wa maktaba kama KLISC ya Kenya au COTUL ya Tanzania, kinampa mchapishaji orodha ya anwani za IP za mtandao wake, yaani namba zinazoonyesha ombi limetokea wapi. Ombi likitoka kwenye namba hizo, mlango unafunguka.

Fikiria harusi ambayo mlinzi wa getini haangalii kadi wala sura, anaangalia basi. Aliyeshuka kwenye Coaster ya upande wa bwana harusi anapita, hata kama ni utingo tu. Aliyekuja na bodaboda anabaki nje, hata awe ndugu wa tumbo moja na bwana harusi. Bando la simu ndiyo bodaboda yenyewe: namba yake ni ya kampuni ya simu, si ya chuo. Na chuo kikibadili mtoa huduma wa intaneti bila kuwaarifu wachapishaji, Coaster inakuwa na namba mpya na hata waliomo ndani wanazuiwa. Kwa hiyo mtu anaweza kukwama akiwa amekaa maktabani kwenyewe.

Dawa ya aliye mbali ni seva ya kati, yaani proksi. Programu inayojulikana sana kwa kazi hii, EZproxy, iliandikwa mwaka 1999 na mkutubi wa Marekani, Chris Zagar. Hapa hupandi basi. Unampigia shangazi aliye ndani. Anahakikisha ni wewe kwa namba ya usajili na nywila, anakuchukulia sahani ya pilau, anakupitishia getini. Mlinzi anamwona shangazi tu. Ndiyo maana ukipitia ukurasa wa maktaba, anwani ya jarida hurefuka na kuvuta jina la chuo mkiani. Kiungo ulichotumiwa WhatsApp kwa kawaida hakina mkia huo, nawe unarudi getini.

Si kila kufuli ni la namna hii, lakini. Kuna majarida ambayo chuo hakijayalipia kabisa. JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, ina kile inachokiita ukuta unaosogea: kwa majarida mengi ya hazina yake, matoleo ya miaka mitatu hadi mitano ya karibuni hayamo. Kwenye hifadhi kama EBSCOhost, mchapishaji anaweza kuchelewesha makala kamili kwa miezi 12 na kuacha ikisiri peke yake. Ukiwa nje, sababu zote hizi huonekana vilevile: kitufe cha kununua.

Shangazi naye ana udhaifu wake. Kwa kuwa mchapishaji humwona yeye tu, mwanafunzi mmoja akitumia programu kupakua mamia ya makala kwa mpigo, mchapishaji anaweza kuifungia namba ya proksi. Kesho yake wote wanaopitia humo wanakuta mlango umefungwa, na foleni ya malalamiko inaanzia kwa mkutubi yuleyule.