Ini lenye mafuta: kahawa chungu, manjano na vidonge vya mimea

Nimepigwa ultrasaundi, ini lina mafuta. Pombe siijui. Yametoka wapi?

Mara nyingi hutoka kwenye sukari na wanga kupita mahitaji ya mwili. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na ikizidi, ini huigeuza mafuta. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni takriban gramu 36. Kwa mwezi ni zaidi ya kilo moja, na bado hujahesabu mahamri na sharubati.

Mmea upi una ushahidi mzuri?

Kahawa. Tafiti nyingi zimeona kuwa wanywaji wa vikombe 2 hadi 3 vya kawaida kwa siku huwa na makovu machache ya ini kuliko wasiokunywa. Asidi ya klorojeniki ni mojawapo ya viambata vinavyodhaniwa kuhusika. Hapa Lamu tuna bahati: kahawa chungu ya dele haina sukari. Kinachoharibu ni halwa na kashata pembeni. Tende moja yatosha. Mwenye lehemu (kolesteroli) nyingi aichuje kwa karatasi, kwani kahawa ya kuchemsha hubaki na mafuta yanayoipandisha.

Na manjano? Mama mkwe hunikorogea kijiko kila asubuhi.

Mwambie ahsante, na bora akitie kwenye mchuzi. Kijiko cha chai, kama gramu 3, kina takriban miligramu 90 tu za kurkumini, kiambata chake kikuu, na utumbo huinyonya kwa shida. Mafuta ya mchuzi na pilipili manga huisaidia kupita. Majaribio yaliyoonyesha vimeng'enya vya ini, ambavyo hupanda kwenye damu ini likiumia, kushuka yalitumia vidonge vyenye miligramu mamia, na mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi.

Vidonge hivyo ndivyo vinavyotutia hofu. Manjano yaliyokolezwa, hasa yakichanganywa na piperini ya pilipili manga, yamewahi kuumiza maini ya watu hadi wakalazwa. Ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, macho yamegeuka manjano au mwili unawasha, acha vidonge siku hiyohiyo na uende hospitali na chupa yake mkononi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asivimeze kabisa bila daktari wake kujua.

Mdalasini na chai ya kijani je?

Mdalasini wenye gome nene, gumu, lililojikunja mara moja, una kumarini nyingi, kemikali ya asili ya mmea huo, nayo ikizidi hudhuru ini. Kipande kwenye pilau hakina neno. Kijiko kizima cha unga kila siku ni kingi. Chai ya kijani kikombeni ni salama. Ya vidonge, mamlaka ya chakula ya Umoja wa Ulaya ilionya mwaka 2018 kuwa EGCG, kiambata cha chai ya kijani, ya miligramu 800 au zaidi kwa siku yaweza kupandisha vimeng'enya vya ini.

Basi nianze wapi?

Kwenye uzito, kama umezidi. Hakuna mmea unaoushinda. Mwenye kilo 90 akipungua kilo 4 na nusu, mafuta ya ini huanza kupungua. Akifika 6 hadi 9, hata uvimbe wa ini hutulia. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki yatosha, maana kukonda ghafla huweza kulizidishia ini taabu. Nusu ya sahani iwe mchicha au bamia, wali ushike robo, samaki robo. Tui la kasimile liwe la sikukuu.

Na usiridhike na kipimo cha ALT, kimojawapo cha vimeng'enya vya ini, pekee, kwani huweza kuwa sawa huku makovu yanaendelea. Mwombe daktari akupigie hesabu ya FIB-4, inayokadiria makovu ya ini kwa umri, AST (kimeng'enya kingine), ALT na chembe sahani za damu.