Gari imekufa kwenye ajali na bima wanakupa hela kiduchu: tunayodanganyana Arusha na Moshi, na ukweli wenyewe

Ukipata ajali mteremko wa Kikavu au hapo Kikatiti ukatoka mzima, kila mtu anakwambia shukuru Mungu, vyuma vinanunuliwa. Na ni kweli kabisa, ushukuru. Shida inakuja wiki kadhaa mbele ukiitwa ofisini kwa bima unaambiwa gari haitengenezeki, tutakulipa milioni kadhaa, saini hapa. Hapo shemeji ana lake, fundi ana lake, jamaa wa kijiweni ana lake, na mengi wanayokwambia ni ya kupotosha, watu wanapoteza hela ya haki yao kwa sababu waliamini maneno ya barabarani. Nimekuwa nikisaidia ndugu na majirani kufuatilia haya madai na inaniuma sana kuona mtu aliyelipa bima kubwa miaka yote anaondoka na hela isiyotosha hata kununua gari ya hali ya chini ya ile iliyokufa. Kama kuna kitu kimoja nataka ukishike ni hiki: ile namba ya kwanza wanayokutajia ni makadirio ya mtu, yameandikwa kwenye ripoti, na ripoti inaweza kuwa na makosa.

Nazungumzia bima kubwa hapa, ile inayolinda na gari yako mwenyewe. Kama una ile ndogo ya laki na kumi na nane basi gari yako wewe haijakatiwa chochote, ile inawalinda wengine unaowagonga.

"Nimeikatia bima ya milioni 20, ikifa nalipwa milioni 20"

Hapana. Ile thamani iliyoandikwa kwenye kava noti, ile karatasi ya bima unayopewa ukilipia, ni dari, yaani hawatavuka hapo, lakini sio ahadi kwamba utapewa yote. Mikataba mingi ya magari inalipa bei ya soko ya gari yako kama ilivyokuwa muda mfupi kabla ya ajali, au ile thamani uliyokatia, ipi iko chini. Kwa hiyo umekatia milioni 24 na sokoni gari ni ya 18, unalipwa kwa hesabu ya 18, na ile ada ya ziada uliyokuwa unalipa kila mwaka (kwa gari binafsi kawaida ni kama asilimia 3.5 ya thamani, bado VAT) imeenda bure.

Alafu kuna wanaofanya kinyume, wanashusha thamani ili ada iwe ndogo. Tuseme gari ni ya milioni 24, wewe umeandikisha 18. Gari ikifa kabisa mwisho wako ni 18, hilo wengi wanalijua. Wasichokijua ni kwamba hata ikigongwa tu ikahitaji matengenezo ya milioni 8, bima wanaweza kusema umekatia robo tatu tu ya gari kwa hiyo tunalipa robo tatu ya hasara, unapata milioni 6 na hapo bado hawajakata eksesi (sehemu ya hasara ambayo mkataba unakuachia uibebe mwenyewe), mbili zilizobaki unatafuta mwenyewe. Kila mwaka unapohuisha bima, usimuachie ajenti aandike tu namba ya mwaka jana, gari imeshuka au soko limepanda, uliza bei ya leo.

"Bei ya soko wanapanga wao, huna la kusema"

Hii ndio dhana inayowapa watu hasara kubwa kuliko zote, na hapa nitakaa kidogo.

Bei ya soko anaisema asesa, yaani mkaguzi anayetumwa kukadiria hasara. Asesa analipwa na kampuni ya bima, wengi wao ni watu waaminifu wa kazi yao, ila anakuja mara moja, anaikuta gari yadi ya polisi imejikunja, betri na redio pengine vimeshatembea, anapiga picha, anaandika, anaondoka. Hajui kwamba ulibadilisha tairi nne miezi miwili kabla. Hajui kwamba injini ilikuwa inafanyiwa sevisi kwa wakati. Kama hujamwambia wala kumuonyesha risiti, hilo halipo kwenye hesabu yake.

Kuna mama mmoja jirani yetu wa Soweto pale Moshi, Premio yake iliingiliwa na fuso, bima wakamwambia milioni 8 na nusu. Alikuwa ameikatia 12. Akaenda akaomba kwa maandishi apewe nakala ya ripoti ya asesa, mwanzoni wakamzungusha kidogo, akarudi tena na barua ileile ikapigwa muhuri wa kupokelewa, wakampa. Tukakaa naye mezani tunaisoma mstari kwa mstari, ukurasa wa pili kwenye kiboksi cha mwaka wa kutengenezwa imeandikwa kwa kalamu 2002. Kadi ya gari inasema 2006. Miaka minne yote imepotea kwenye kiboksi kimoja, na kila hesabu ya uchakavu iliyofuata chini yake imeanzia kwenye huo mwaka wa uongo. Akaandika barua ya nusu ukurasa tu, akaambatanisha nakala ya kadi, bei za Premio tatu za mwaka uleule zilizokuwa zinauzwa Arusha na Moshi, na risiti za gereji. Wakapanda mpaka milioni 11. Hakugombana na mtu wala hakuchukua wakili.

Kwa hiyo ushahidi wa bei unautengeneza hivi. Tafuta magari yanayofanana na yako kweli, aina, mwaka, ukubwa wa injini, gia, kilomita zinazokaribiana, kwenye yadi na kwenye matangazo ya mtandaoni, piga picha ya skrini tarehe ionekane. Usichukue ile moja ya bei juu kuliko zote, watakucheka, chukua nne tano za katikati. Yadi ukiwaomba vizuri wengine wanakuandikia kotesheni kwenye karatasi yao, hiyo ina uzito zaidi ya tangazo kwa sababu bei ya tangazo watakwambia ni ya kuanzia mazungumzo.

Njia nyingine ambayo watu hawaitumii ni kuonyesha gharama ya kuagiza gari kama hiyo leo. Tovuti ya TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika, unaingiza aina, mwaka na injini, inakupa thamani wanayoitambua na kodi zake, ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na nyingine ikiwemo ya uchakavu kama gari ina umri mkubwa. Ukijumlisha unapata picha ya kwa nini huwezi kupata gari ile kwa hela waliyokutajia. Haimaanishi watakulipa bei ya kuagiza, gari yako ilikuwa imeshatembea barabara zetu, ila inawazuia kusema bei ambayo haipo duniani. Na kama gari ni ya hela nyingi, zile Land Cruiser za utalii kwa mfano, mlipe mthamini wako mwenyewe anayetambulika, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na tofauti inayobishaniwa.

"Ukikataa ofa ya kwanza unakosa vyote"

Watu wanaogopa hili kweli kweli. Ukikataa ofa madai yako hayafi, unaandika tu kwamba hujaridhika na sababu ni hizi. Kinachokufunga ni kusaini ile dischaji vocha, maana maneno yake kwa kawaida yanasema umepokea kiasi hiki kama malipo kamili na ya mwisho na huna dai lingine. Usisaini eti "nisaini kwanza mengine tutaongea", isome yote, ukiona neno "ya mwisho" na hujakubaliana na kiasi, rudisha. Na mazungumzo yote yawe kwa maandishi, hata kama afisa ni mchangamfu mnaongea naye WhatsApp kila siku, mwisho wa siku muandikie imeili kwamba leo tumekubaliana moja mbili tatu.

"Mabaki ni ya bima, usiyaguse"

Ni kweli ukilipwa thamani yote, mabaki yanakuwa yao. Ila mara nyingi unaweza kuomba ubaki nayo, wakakata thamani yake kwenye malipo, na hapa kuna hesabu ya kufanya kabla hujasema ndiyo au hapana. Tuseme wamekubali gari ni milioni 18, eksesi kwenye mkataba wako ni asilimia 10, inabaki 16.2. Wakisema mabaki ni milioni 5 ukiyabakiza unapokea 11.2 na chuma chako. Sasa kabla hujajibu, waite mafundi na wauza spea wawili watatu, pale Unga Limited hawakosekani, waitazame. Injini na gia boksi vikiwa vizima na mlango mmoja wa nyuma haujaguswa unaweza kuambiwa milioni 7, hapo umepata mbili zaidi. Wakikwambia tatu, waachie bima mabaki yao. Na kama unaona bima wameyapandisha thamani mabaki ili wakukate zaidi, waulize nani yuko tayari kuyanunua kwa hiyo bei, na kama yupo waambie wamuuzie huyo.

Angalizo: kuna watu wanafufua magari yaliyokatika kabisa wanayarudisha barabarani. Chesisi ikishajipinda sishauri, roho za watu zinapita humo.

"Trafiki wameandika kosa ni langu, silipwi"

Bima kubwa inakulipa hata kama kosa ni lako, ndio maana ni kubwa. Kinachokunyima malipo ni kuvunja masharti: umelewa, leseni imeisha au daraja lake haliruhusu gari hiyo, au matumizi sio yale uliyoandikisha. Hili la matumizi huku kwetu ni janga. Noah imekatiwa bima ya gari binafsi, asubuhi inapakia abiria Boma Ng'ombe kwenda Moshi mjini, ikianguka na abiria ndani unategemea nini? Au gari ya familia inapelekwa Tarangire na wageni wanaolipa. Mwambie ajenti ukweli siku ya kukata bima, ada itapanda, na bora ipande.

Kama aliyekugonga ndiye mwenye kosa na wewe una bima ndogo tu, usikae nyumbani ukilia, unaweza kudai kwa bima yake. Chukua namba ya gari yake eneo la ajali, ihakiki mtandaoni kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uone kama stika ni hai na ni ya kampuni gani, alafu fuatilia PF 90, ile ripoti ya polisi ya ajali, na mchoro wa ajali kituoni. Mara nyingi watataka na nakala ya hukumu ya mahakama inayoonyesha dereva wao ametiwa hatiani, kwa hiyo hiyo kesi ya trafiki usiidharau, hudhuria.

Mengine kwa haraka haraka. Kununua gari kwa jamaa bila kubadilisha jina kwenye kadi TRA, siku ya malipo bima watauliza wanamlipa nani, na muuzaji akiwa ameshahamia Mwanza utamtafuta sana. Gari ya mkopo, benki inalipwa kwanza kinachobaki ndio chako, na deni likiwa kubwa kuliko malipo bado unadaiwa. Kuamini bima lazima wakununulie gari mpya, hapana, mkataba kwa kawaida unawapa wao uchaguzi wa kutengeneza, kubadilisha au kutoa hela. Na nyinyi mnaovuka Holili na Namanga kila wiki, ile Yellow Card ya COMESA inashughulikia utakaowagonga upande wa pili, gari yako mwenyewe ikifa Kenya hailipwi na hiyo kadi, unatakiwa uombe bima yako kubwa iongezewe eneo la Afrika Mashariki kabla hujasafiri, na upewe hiyo nyongeza kwa maandishi.

"Kushindana na kampuni kubwa mpaka uwe na wakili"

Ukishaandika malalamiko yako kwa kampuni na wamegoma au wamenyamaza, kuna TIRA, ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya watu kama sisi. Unapeleka mkataba, kava noti, PF 90, ripoti ya asesa, ofa yao, barua zako zenye mihuri ya kupokelewa na zile bei ulizokusanya. Panga kwa tarehe, toa nakala mbili, moja ubaki nayo, na orijino ya kadi ya gari usimpe mtu yeyote mpaka kiasi kimekubalika kwa maandishi.